Huruma za Mama Dany

Ernestine Nabintu, ambaye kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilimwita Mama Dany, alikuwa na mdomo wa kukodisha. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Wahubiri wa kutoka ng'ambo waliukodisha Jumapili, mashirika yaliukodisha katikati ya juma, na mahakama moja ya Lilongwe iliukodisha kila polisi walipoipelekea Mkongomani asiyejua Kiingereza. Siku zilizobaki aliutumia mwenyewe, na hapo ndipo majirani walipokiona cha moto.

Alifika Malawi kutoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akiwa na diploma ya ushonaji, mume, mtoto mgongoni, na Kifaransa safi ambacho huku hakikumnunulia hata chumvi. Kiingereza alijifunza kambini, kwa hasira. Hakuna mwalimu aliyemsifu kwa matamshi, lakini pia hakuna aliyethubutu kumsahihisha mara mbili.

Kutafsiri kanisani ni kazi ya mwili mzima. Unasimama ubavuni mwa mhubiri, akirusha mkono unarusha, akikanyaga chini unakanyaga, akilia unatakiwa walau kupenga kamasi. Ernestine alifanya yote isipokuwa kulia. Machozi, alisema, hayamo katika mapatano.

Siku moja akaletewa mhubiri mnene, mwenye jasho la kutosha kumwagilia bustani. Huyo akaanza kupanda ngazi. Mungu ana mercy, akasema, na Ernestine akatafsiri: Mungu iko na huruma. Ana compassion. Iko na huruma. Mhubiri akapandisha sauti, akataja pity, akataja leniency, na mengine ambayo Ernestine hakuwahi kuyasikia, na yeye, akirusha mikono sambamba naye, akatoa huruma ingine, huruma sana, na huruma kabisa kabisa. Kanisa likalipuka kwa amina, likidhani ni mtindo. Mhubiri akamshika bega, akamwambia kwamba dunia nzima aliyozunguka hajapata mtafsiri mwenye upako kama ule.

Ernestine alirudi nyumbani na aibu yake. Mtu amekuletea vitambaa vya rangi mbalimbali, wewe umemshonea suti ya rangi moja, halafu anakushukuru. Fundi gani wewe?

Kamusi alizoazima zilimzungusha tu: neno hili tazama lile, neno lile tazama hili. Akaamua kuyafanyia maneno yale anachokifanyia kitambaa sokoni. Hukiulizi jina. Unakishika, unakivuta, unaangalia kinavyokaa mwilini mwa mtu. Basi kila Mzungu au Mmalawi alipotamka moja kati ya maneno yale, Ernestine alinyamaza akangoja kuona ni nini kitafuata nyuma yake.

Pity ilikuja nyumbani kwake yenyewe, imevaa kofia pana na miwani. Ilikuwa mgeni wa shirika fulani, mama mtu mzima, ambaye Ernestine alimtembeza kambini tangu asubuhi. Kwa heshima akamwingiza hata jikoni kwake. Lile jiko alikuwa amelisiliba udongo mwekundu juzi yake, akalinyoosha kwa kiganja mpaka kona, na sufuria alizipanga kwa ukubwa. Alisimama mlangoni akingoja sifa. Mgeni akatazama kuta, akatazama sufuria, akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi, akisema "what a pity," na alipomaliza akafungua mkoba akatoa pakiti ya biskuti iliyokwisha kuanzwa. Ernestine aliipokea, maana hakulelewa kukataa mkono wa mgeni. Lakini tangu siku ile neno lile likitajwa alilitafsiri kwa uso wa mtu aliyemeza nzi. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba pity ni huruma ya mtu aliyekwisha kukutoa katika hesabu za watu, amebaki kukutazama tu.

Compassion hakuipata kwa Mzungu hata mmoja. Aliipata kwa Athanasie, mama jirani Mnyarwanda ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kamba ya nguo. Ernestine aliugua malaria ikamlaza, na Athanasie akaingia bila hodi, hana kitu mkononi, akaleta makalio yake tu akayakalisha kwenye mkeka. Hakusali, hakushauri dawa. Alikaa. Jioni akabeba nguo chafu za mgonjwa akaenda kuzifua pamoja na zake, akazianika kwenye kamba ileile ya ugomvi. Ernestine alipopona hawakuzungumza juu ya jambo lile, ila kamba ikawa ya wote.

Leniency ilikuwa rahisi, hiyo ni punguzo la bei. Dany, mwanawe, alivunja dirisha la shule, na mwalimu mkuu akasema kwa kuwa ni mara ya kwanza atapalilia bustani nusu badala ya bustani nzima. Mwalimu hakumpenda Dany wala hakumchukia. Alikuwa na kanuni yake, akailegeza kidogo, akaenda kunywa chai.

Iliyomshinda ni mercy. Alielewa kwamba mwenye mercy lazima awe na fimbo, awe na haki ya kukuchapa, na wewe uwe umestahili. Kisha aiweke chini. Mpaka hapo sawa. Lakini kitu gani humwingia mtu hata akaiweka chini? Ernestine hakujua, kwa sababu hajawahi kushika fimbo. Mkimbizi ndiye anayeomba siku zote. Alilitafsiri lile neno kwa miaka kama mtu anayeuza dawa ya ugonjwa asioujua.

Sasa tumseme mume. Télesphore Balagizi alikuwa mwanaume wa sura nzuri na maombi marefu, na mikono ambayo haikupata kuota sugu. Kiingereza hakukigusa, kwa sababu cha nini, bibi anacho. Kichewa chake kilitosha kuuza viatu vya mtumba, basi. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa, kwa maelezo yake, mlinzi wa nyumba ya tajiri mmoja kule Area 49 ya Lilongwe, upande wa Gulliver. Tajiri mkali, likizo hana. Télesphore alirudi kambini mwisho wa mwezi na sukari kidogo na masimulizi marefu juu ya mbwa wa bosi, mmoja anaitwa Bingwa na mwingine Malkia, jinsi wanavyokula nyama kuliko binadamu, jinsi Malkia alivyomng'ata suruali. Ernestine aliishona ile suruali. Aliwaonea wale mbwa huruma hata, maana Bingwa alisemekana ana jicho moja.

Asubuhi moja ya mwaka 2014 karani wa mahakama akapiga simu: njoo, mama, tuna mtu wa kwenu amekamatwa mjini, anaishi na kuchuuza bila kibali cha kutoka kambini. Ernestine akavaa kitenge cha kazi, akaenda. Kama kawaida aliapishwa kwanza, mkono juu ya Biblia, kwamba atatafsiri yote yasemwayo, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingizwa Télesphore.

Mtu atauliza, mahakama haikujua kwamba ni mume na mke? Ingejuaje. Kwao Bukavu kila mtu ana jina lake. Mke habebi la mume, mtoto habebi la baba, nyumba moja ina majina mengi na hakuna anayeona ajabu. Makarani wa Malawi walikuwa wamehangaika na jambo hilo miaka yote, wakachoka. Kwenye karatasi mmoja alikuwa Balagizi, mwingine Nabintu, na kwa macho ya serikali hawajawahi hata kusalimiana.

"Mnaelewana na mshtakiwa?" hakimu akauliza. Alikuwa mzee mkavu mwenye kikohozi.

Ernestine alifungua mdomo kusema ukweli, kwamba huyu ni baba wa mwanangu, tafuteni mtafsiri mwingine. Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi. Lakini mwendesha mashtaka, aliyekuwa na haraka zake, akaanza kusoma: mshtakiwa alikutwa Area 23, katika nyumba anamoishi na mke wake aitwaye Kamaliza, ambaye ni mjamzito.

Ernestine akaifunga ile pumzi ndani.

"Tunaelewana," akasema.

Kwenye benchi la nyuma kabisa, ambako maneno ya kizimbani hayafiki, kulikuwa na mwanamke kijana, tumbo mbele, anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Ernestine alimwona, akageuka upande wa Télesphore. Yeye alikuwa akitazama sakafu kana kwamba ndiko alikozaliwa.

Alikubali kosa. Hakimu akasema, kabla hajatoa hukumu, mshtakiwa anaweza kwenda jela miezi kadhaa. Ana lolote la kusema?

Ernestine akatafsiri hivi, kwa Kiswahili cha kwao ambacho ndiyo huwa njo: "Muheshimiwa anauliza, ule Kamaliza njo nani?"

Télesphore akainua macho. "Muheshimiwa njo anauliza ivo?"

"Muheshimiwa iko na bidii leo. Jibu."

"Ni... bantu banasema tu ni bibi yangu."

"Na mimba, bantu njo balisema tu?"

Hakimu akakohoa, akataka kujua kuna nini. Ernestine akamwambia kwa adabu kwamba anamweleza mshtakiwa swali, kwa sababu mshtakiwa ni mzito wa kuelewa. Hilo alilisema kwa moyo wote.

"Muheshimiwa anauliza tena," akaendelea, "bale bambwa ba Area 49, Bingwa na Malkia, sasa nani anabapa chakula?"

"Mama Dany," Télesphore akasema polepole, "bale bambwa habako."

Hapo ndipo ilipomwuma. Siyo Kamaliza, siyo tumbo. Mbwa. Alikuwa amekaa usiku akimshonea suruali iliyong'atwa na mbwa ambaye hayuko duniani, na alikuwa amemwonea huruma jicho lake. Mbele za watu akalazimika kupenga kamasi, za kweli safari hii, yeye ambaye hata wahubiri hawakumliza.

"Swali fupi, majibu marefu," hakimu akasema. "Anasema nini huyu mtu?"

Na mume wake akaelewa, ingawa Kiingereza hakijui, kwamba jela yake na uhuru wake vyote vilikuwa mdomoni mwa mwanamke yule. Angeweza kumwambia hakimu lolote. Angeweza kusema: anasema hajutii, anasema atarudi kuuza viatu kesho. Hakuna ambaye angejua. Télesphore akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Nihurumie," akasema. "Mi siombi ule muzee. Naomba we, Mama Dany."

Mahakama nzima ilimngoja. Ernestine alisimama na fimbo mkononi, kwa mara ya kwanza maishani, na aliiona ni nzito kuliko alivyodhani. Alitaka kumchapa. Alitaka sana. Lakini alikuwa ameapa, na tena alikuwa mtu wa kazi. Hata kitambaa cha adui hukikati vibaya kwa makusudi.

"Anaomba mercy, mheshimiwa," akasema. Anaomba kwa nani, hilo hakulitaja.

Hakimu akavua miwani. "Mwambie mercy haikai hapa. Mercy ni ya rais, na ya Mungu. Mimi nina leniency tu, na hiyo ninayo kidogo." Akaandika. Kifungo cha nje, akasema, kwa sharti moja: arudi Dzaleka leo hii, na awepo mtu kule wa kumpokea nyumbani. Asipokuwa na mtu, anakwenda ndani. "Muulize. Ana mtu?"

Safari hii Ernestine alitafsiri neno kwa neno, bila bidii yoyote ya ziada. Télesphore alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mi siwezi kujibu iyo. Jibu we."

Kama angesema hapana, ingekuwa kweli tupu. Mtu gani angemlaumu? Alimfikiria Dany. Alifikiria pia jela, na yule mwanamke wa benchi la nyuma atakavyobeba chakula na tumbo kwenda jela kila siku, kwa ajili ya mwanaume mwenye mbwa wa kubuni.

"Ana mke mkubwa kule, mheshimiwa," akasema. "Mke atafungua mlango."

"Una uhakika gani?"

"Ni jirani yangu. Tunatumia ukuta mmoja."

Hakimu akaridhika, akagonga meza, akaita kesi nyingine.

Nje, chini ya ukingo wa paa, yule mwanamke kijana akamkimbilia Ernestine kadiri tumbo lilivyomruhusu, akamshika mikono miwili. "Aksanti, dada," akasema. "Umemusaidia bwana yangu. Hana mutu mwingine. Bibi yake wa kwanza alikufaka kule Bukavu, njo maana iko na huzuni sana."

Ernestine alimtazama. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana ndani, miguu imevimba, kandambili zimeisha kisigino. Maneno ya kumwangusha yalikuwa tayari, mengi na makali, yamejipanga kama sufuria zake.

"Alikufa na nini?" akauliza.

"Malaria."

"Basi kaa chini kwanza, Kamaliza," Ernestine akasema. "Mi njo ule marehemu."

Kamaliza hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa. Ernestine naye akayaweka makalio yake pale kwenye saruji, ubavuni mwake. Alikuwa na mengi ya kuuliza na hakuuliza. Wakakaa vile, marehemu na mke mwenzake, mpaka jua likawafikia miguuni na wakasogea pamoja kulikimbia. Baada ya muda mrefu, Ernestine alipokwisha kumsimulia Bingwa na Malkia, Kamaliza akasema kwamba mbwa angalau yeye hakupewa; alipewa bosi mkali wa kambini ambaye kila mwisho wa mwezi alimwita Télesphore asimruhusu kulala mjini.

"Iko na jina, ule bosi?"

"Alimwitaka Kapiteni."

"Njo miye tena," Ernestine akasema, na wote wawili wakacheka, kicheko kibaya kinachouma mbavu, mpaka askari wa mlangoni akawatazama. Ernestine alipoondoka alimwambia Kamaliza, mtoto akizaliwa atume habari, ni mvulana ao musichana, naye amshonee kitu.

Gari la polisi lilimshusha Télesphore kwenye lango la Dzaleka kabla ya giza. Habari zilikuwa zimefika mbele yake, kwa hiyo majirani wote walikuwa na jambo la kufanya nje ya nyumba zao. Athanasie alikuwa akianika tena nguo zilizokwisha kukauka. Ernestine aliufungua mlango kama alivyoahidi mahakamani, akampitisha jikoni, akampa kigoda, akamwekea nsima, ugali wa Malawi, na mboga za maboga.

Télesphore hakugusa. Alishuka kwenye kigoda akapiga magoti kwenye udongo mwekundu uliosilibwa, na akaanza. Alijua kuomba, mtu yule. Alitaja shetani, alitaja vita, alitaja Bukavu na njia yote waliyokuja wakipokezana kumbeba Dany mgongoni. Njia ile ilikuwa ya kweli. Kwenye njia ile Télesphore alimbeba mtoto, na Ernestine mwenyewe pia akambeba kidogo, kwa sababu miguu ya Ernestine ilikuwa imekwisha, na hakuna mbwa wa kubuni anayeweza kuifuta.

Ernestine alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Fimbo bado alikuwa nayo, na alijua sasa angeweza kuiweka chini. Akajipekua. Aliikuta hasira akaisogeza, akakuta uchovu akausogeza nao, na chini yao alikwenda kuitafuta ile mercy aliyowatafsiria wengine miaka yote. Alitaka kweli iwepo. Hakuikuta. Alikuta kitu kingine, kimetulia, hakimuumi, na alipokitambua alisikia ubaridi. Alikuwa akimtazama mwanaume yule juu ya sakafu yake, magoti, shati la rumande, kichwa kinachoanza upara, na machozi yalimjia, na alisikitika. Alisikitika tu, kama unavyosikitikia kitu cha mtu mwingine.

Télesphore aliinua uso kuona maombi yamefika wapi, akakutana na yale macho.

"Usinitazame ivo," akasema. "Nipige basi. Nipige, Mama Dany."

"Kwa nini nikupige?" akamuuliza kwa upole. Alikuwa hajamsemesha kwa upole hivyo siku nyingi, na Télesphore aliogopa.

Akarudi kwenye kigoda. Akanawa. Akamega tonge moja, akalishika.

"Umenipa chakula," akasema. "Umenifungulia. Hii njo ile mercy banasemaka kanisani?"

"Hapana."

"Sasa njo nini?"

Ernestine alikuwa na neno lake mdomoni, kamili, la Kiingereza na la Kiswahili, pamoja na kofia yake na miwani na pakiti ya biskuti. Alikuwa amelitafsiri mbele ya maelfu ya watu na hakuwahi kukwama.

"Kula," akamwambia. "Nsima inapoa."

Kisha akaenda kumtandikia mkeka chumba cha cherehani.